Una lupusi na unatakiwa kupima macho: upanuliwe mboni, upige OCT au uchomwe rangi?

Nianze na kosa langu manake ndo lililonifundisha. Mwaka wa tatu wa lupusi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, nilikuwa nameza haidroksiklorokwini, dawa ya kuituliza, ile ambayo kwenye foleni ya kliniki wote tunaiita Plaquenil hata kama boksi lina jina jingine, afu nikasikia kwa watu kwamba inapofusha. Nikaogopa. Nikaenda sehemu moja ya binafsi nikalipa hela yangu mfukoni nifanyiwe OCT, ile mashine inayopima kwa mwanga tabaka za retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, dada akanikalisha kwenye mashine, weka kidevu hapa, tazama hiyo nyota usipepese, dakika tano tumemaliza, majibu retina safi. Nikatoka nimefurahi ila woga ulibaki palepale, nikaanza kuruka dozi, leo nameza kesho naacha, mwisho nikaacha kabisa nikijiambia nalinda macho. Mwezi wa pili baada ya kuacha viungo vikaanza kuuma asubuhi, mashavu yakawaka, na siku moja nasoma meseji nikaona herufi mbili tatu zinamezwa na kitu kama ukungu, juu upande wa kushoto, nikihamisha jicho na ukungu nao unahama.

Nilipopanuliwa mboni kwa matone hospitali nyingine dokta alikuta mabaka meupe manne jicho la kushoto, na damu kidogo imevuja pembeni ya mshipa. Akanionyesha kwenye skrini, retina yenyewe ina rangi ya chungwa, mishipa inatambaa kama mizizi ya mkoko, na yale mabaka yamekaa juu yake kama mtu kachambua pamba akadondosha vipande. Hakuna hata baka moja lililoletwa na Plaquenil. Ilikuwa ni lupusi yenyewe, imewaka baada ya mimi kuacha dawa iliyokuwa inaituliza, ikaingia mpaka kwenye mishipa ya jicho. Na ile OCT niliyolipia haikudanganya wala nini, ilijibu swali ambalo mimi sikuwa na shida nalo.

Kwaiyo kabla hujauliza kipimo gani kizuri, jua unatafuta nini, manake mgonjwa wa lupusi ana maswali mawili kuhusu retina na watu wanayachanganya kila siku.

La kwanza ni mishipa. Kinga ya mwili ikishageuka kukushambulia, kingamwili zinashikana na vitu vingine kwenye damu zinatengeneza vifurushi, vifurushi vinanasa kwenye kuta za mishipa midogo, kuta zinaumuka, damu inapita kwa shida au haipiti kabisa. Kipande cha retina kikikosa damu kinavimba na kuwa cheupe, ndo hayo mabaka ya pamba. Tafiti nyingi zinataja kama mgonjwa 1 kati ya 10, wachache zaidi kwa ambao lupusi imetulia na wengi zaidi kwa ambao imewaka. Inaweza kuja mwezi wowote, hata kabla hujaanza dawa yoyote, na mara nyingi huoni dalili, mimi niliuona ule ukungu kwa bahati tu kwa vile baka moja lilikaa karibu na katikati. Afu kuna wenye hatari zaidi, wale waliopimwa damu wakakutwa na kingamwili za antifosfolipidi, hizi zinafanya damu igande hovyo, kwao unaweza kuziba mshipa mkubwa mzima.

La pili ni dawa. Haidroksiklorokwini inajikusanya kwenye retina polepole na inaweza kuua seli zinazozunguka kitovu cha kuona, ile sehemu ya katikati ya retina. Hii ni kazi ya miaka. Melles na Marmor, utafiti wao mkubwa wa Marekani uliotoka 2014, walikuta kwamba mtu anayemeza dozi inayofaa hatari yake ni chini ya 1% kwa miaka 5 ya mwanzo, chini ya 2% mpaka miaka 10, ila akifika miaka 20 inakaribia 20%. Hebu rudi usome tena. Mi mwaka wa tatu nilikuwa nakimbia kitu ambacho kwa dozi inayofaa ni chini ya 1 kwa 100 (yangu ilikuwa imezidi, nitaeleza mbele) nikaangukia kwenye kitu cha 1 kwa 10, na hapo sijahesabu figo ambazo nazo zilianza kuvujisha protini.

Haya, vipimo sasa.

Kupanuliwa mboni ndo kipimo cha zamani kuliko vyote na ndo cha bei rahisi. Helmholtz alitengeneza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851 na wazo bado ni lilelile, taa, lenzi na jicho la dokta. Unawekewa matone, yanawasha kidogo, unakaa kwenye benchi dakika 20 au 30 mboni inafunguka, afu dokta anaangalia retina yote mpaka pembeni kabisa, anakwambia tazama juu, tazama mlango, tazama sikio langu. Kwa swali la mishipa hiki ndo chenyewe. Mabaka, damu iliyovuja, mshipa ulioziba, mishipa mipya inayoota vibaya, vyote anaviona. Udhaifu wake ni kwenye swali la dawa, manake madhara ya Plaquenil yakishaonekana kwa kuchungulia, ile duara kama shabaha ya mishale, ujue seli zimeshakufa zamani na hazirudi. Udhaifu mwingine ni kwamba kinategemea mtu, dokta akiwa na haraka ataangalia katikati atakuruhusu, na akiandika kwenye faili "retina ya kawaida" mwaka ujao hakuna wa kulinganisha naye.

Ndo maana nawashauri watu waombe na picha ya retina kama kamera ipo. Haiongezi maumivu, ni mwanga mmoja kama flashi, na unabaki na ushahidi. Kule Nakuru, Kenya, timu ya daktari wa macho Andrew Bastawrous ilishajaribu kifaa cha kubandika kwenye simu kinachopiga picha ya nyuma ya jicho, kwaiyo wala usidhani lazima iwe mashine ya mamilioni. Picha zangu ninazo kwenye simu, za mwanzo na za baadae, na nimeshamwonyesha dokta wa lupusi ambaye faili la macho hajawahi kuliona kwa vile hospitali mbili hazisomani.

OCT inajulikana na wengi sasa na ndo watu wanaikimbilia kwa sababu inaonekana ya kisasa. Ilitoka 1991. Inatumia mwanga kupima retina tabaka kwa tabaka, kama unavyokata kitunguu ukahesabu maganda, na inaona mabadiliko madogo mno ambayo jicho la mtu haliwezi. Kwa swali la dawa hapa ndo penyewe, inaona seli zinapungua kabla duara halijatokea. Inaona pia kama kitovu cha kuona kimejaa maji. Ila mara nyingi inapiga katikati tu. Baka la pamba likikaa nje ya lile eneo haliko kwenye karatasi yako. Ni sawa na fundi kukagua dari ya sebuleni akaandika nyumba haivuji. Kwaiyo ukiambiwa OCT safi uliza, safi kwa swali gani, mmeangalia mishipa ya pembeni?

Mwenzake OCT ni kipimo cha uwanja wa kuona, wenyewe wanaandika 10-2, manake kinapima nyuzi 10 za katikati. Unaingiza uso kwenye bakuli jeupe unabonyeza kitufe kila ukiona kinukta cha mwanga. Kinachosha jamani, mimi mara ya kwanza nilisinzia, majibu yakatoka kama mtu asiyeona, tukarudia. Nenda asubuhi umeshakula. Hivi viwili vinakwenda pamoja kwa ajili ya dawa, kimoja kikisema kuna tatizo kingine kinathibitisha, na ukisoma mwongozo wa chama cha madaktari wa macho Marekani wa 2016 ndivyo walivyoviweka.

Sasa kuna ya kuchomwa rangi. Angiografia ya fluoresini. Hii ina historia nzuri, mwaka 1961 wanafunzi wawili wa udaktari kule Indiana, Novotny na Alvis, ndo waliotoa ripoti ya kupiga picha rangi ikipita kwenye mishipa ya jicho la binadamu, na jicho la kwanza lilikuwa la mmoja wao. Unachomwa sindano mkononi, rangi ya manjano inakimbia mpaka kwenye jicho ndani ya sekunde chache, kamera inapiga picha mfululizo. Palipoziba panabaki peusi, palipotoboka panang'aa na kusambaa. Hakuna kinachoifikia kwa kuonyesha mishipa imeathirika kiasi gani. Ila si kipimo cha kujipeleka mwenyewe kwa wasiwasi. Kichefuchefu kinakupitia kama wimbi (mimi kilinishika sekunde ishirini hivi kikaondoka), ngozi inakuwa manjano, mkojo unatoka rangi ya Fanta mpaka kesho yake, nilisahau wameniambia nikapiga kelele chooni. Wachache sana wanapata aleji mbaya, ndo maana kinafanyika penye dawa za dharura. Ukiwa mjamzito, una aleji kali au figo zina shida, sema mapema kabla ya sindano. Cha msingi dokta awe ameshaona kitu akikuchungulia ndo akutume huku.

Ipo na OCT ya mishipa, bila sindano, inatengeneza ramani ya mishipa kwa kufuata chembe za damu zinavyosogea. Nzuri, haina uchungu, ila haionyeshi panapovuja, eneo lake dogo na ukitikisa jicho picha inaharibika. Ikiwepo na bima inalipa sawa, ikikosekana usilie.

Nikiziweka ubavu kwa ubavu, mi naamua hivi.

Kama umegundulika juzi na ndo unaanza Plaquenil, na hela ni ya kipimo kimoja tu, panuliwa mboni. Huo mwongozo wa Marekani unataka uangaliwe ndani ya mwaka wa kwanza, na hapo dokta anajibu maswali mawili kwa mpigo, kama lupusi imeshagusa mishipa na kama una ugonjwa mwingine wa retina ambao ungefanya dawa isikufae au ikuwie vigumu kufuatiliwa. Hela ikitosha ongeza OCT ya kuanzia, utaishukuru miaka kumi mbele.

Ukishatimiza miaka 5 kwenye dawa, mambo yanageuka, OCT na uwanja wa kuona kila mwaka, usiruke. Na usisubiri hiyo miaka 5 kama figo zako hazifanyi kazi vizuri, kama unameza tamoksifeni ya saratani ya matiti, kama retina ilishakuwa na tatizo, au kama dozi yako ni kubwa kuliko mwili wako. Hii ya dozi ifanye mwenyewe sasa hivi na kalamu: uzito wako kwa kilo zidisha kwa 5, jibu ndo miligramu za juu kabisa kwa siku. Kilo 80 ni 400, yaani vidonge viwili vya 200. Kilo 60 ni 300. Mimi nina kilo 56, inatoka 280, na kwa miaka mitatu nilikuwa nameza 400 kama kila mtu kwenye ile foleni manake hakuna aliyenipima uzito nikaandikiwa upya. Sasa hivi leo kidonge kimoja, kesho viwili, keshokutwa kimoja, wastani wa 300, imezidi 280 kidogo lakini dokta amesema inatosha kwa uzito wangu na tunafuatilia. Usipunguze kienyeji lakini, peleka hiyo hesabu kwake mkae muizungumze.

Kama lupusi imewaka, viungo, homa, mkojo wa povu, presha juu, kichwa kinagonga, kuchanganyikiwa, hapo panuliwa mboni hata kama OCT ya mwezi jana ilikuwa safi. Na majibu yarudi kwa dokta wa lupusi, usiyaache kwa wa macho. Jicho ni mojawapo ya sehemu chache ambazo mtu anaweza kuona mishipa midogo bila kukupasua, ikiwa imeharibika pale basi ya figo na ubongo nayo inatakiwa kuangaliwa.

Na kama jicho limezima ghafla, au limefunikwa pazia, achana na ulinganisho huu, nenda leo, usiku huu, hospitali kubwa yenye dokta wa macho, useme neno lupusi mlangoni. Kwenye foleni ya miwani utapotelea.

Jambo moja ambalo hospitali ile ya pili walinifurahisha, kabla dokta hajasema lupusi alinipima presha na sukari. Presha kubwa inaleta mabaka ya pamba yaleyale, sukari pia, hata virusi vya UKIMWI, kwaiyo mabaka peke yake hayana jina. Yangu ilikuwa 148 kwa 92, imepanda lakini si ya kuleta picha ile, akaagiza mkojo na damu ndo ikaonekana kila kitu kimewaka pamoja. Na kwa vile wengi wetu tumekunywa predinisoloni, ile steroidi, miaka, mwombe akuangalie na mtoto wa jicho na presha ya jicho palepale, ile dawa inaleta vyote viwili.

Kuhusu matibabu nitasema kwa haraka kidogo kwa sababu wengi hawatafika huko. Mabaka machache kama yangu hayatibiwi jichoni. Unatibu lupusi, steroidi kwa muda, Plaquenil irudi, na kwa ambao figo au ubongo umeguswa dawa nzito za kushusha kinga, na mabaka yanafutika yenyewe kwa wiki au miezi. Yangu yaliisha kama baada ya miezi miwili, baka moja limeniachia kidoa kidogo nakiona nikitazama ukuta mweupe, basi.

Shida ni ile ya mishipa mikubwa kuziba. Retina ikikosa damu eneo kubwa inaotesha mishipa mipya, dhaifu, inapasuka na kujaza damu jichoni au kuivuta retina itoke mahali pake. Hapo kuna leza na kuna sindano ya ndani ya jicho, na wagonjwa wanauliza ipi bora. Leza inachoma retina ya pembeni iliyokosa damu ili iache kuita mishipa mipya, ni vikao vichache na kazi yake inakaa, lakini unapoteza kidogo uoni wa pembeni na wa gizani, na wakati wa kuchomwa kuna kuuma. Sindano, mara nyingi ya bevasizumabu, inanyausha mishipa haraka na inakausha maji kwenye kitovu cha kuona, haichomi kitu, ila nguvu yake inaisha kwa wiki kadhaa na lazima urudi. Tafiti nyingi za kulinganisha hivi viwili zimefanywa kwa wenye kisukari, na huko ilionekana mgonjwa wa sindano akipotea kliniki kwa miezi jicho lake linaharibika kuliko wa leza aliyepotea vilevile. Kwaiyo mtu wa Tandahimba au Kigoma ambaye nauli ya kwenda hospitali kubwa ni mjadala wa familia, mi ningemwambia aulize leza kwanza, na wa mjini anayeweza kurudi kila mwezi ana nafasi ya kuchagua. Mara nyingi dokta anachanganya vyote. Ukiwa umepata stroku (kiharusi) karibuni mwambie kabla ya sindano.

Halafu wenye antifosfolipidi, nyie jicho halitapona kama damu inaendelea kuganda. Hapa ushindani ni wa dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini na vidonge vipya kama rivaroksabani. Warfarini inaudhi, kila mara upimwe INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ukila sana mchicha na matembele inacheza, ukimeza dawa nyingine inacheza. Rivaroksabani ni kidonge kimoja huna habari. Lakini jaribio la Italia lililotoka 2018 kwa wagonjwa wenye kingamwili zote tatu za antifosfolipidi lilisimamishwa mapema kwa sababu waliokuwa kwenye rivaroksabani ndo walipata damu kuganda zaidi. Kwaiyo kama vipimo vyako vyote vitatu vilitoka chanya na mtu anataka kukubadilishia kwa kukupunguzia usumbufu, uliza mara mbili.

Na siku ya kupanuliwa mboni usiendeshe gari wala pikipiki, ukungu unakaa masaa manne mpaka sita na jua la saa saba linachoma kama limewekwa ndani ya kichwa. Beba miwani ya jua au kofia pana, na nenda na mtu. Mi naenda na mdogo wangu, kazi yake ni kunishika mkono kuvuka barabara na kunisomea daladala, manake mara ya kwanza nilienda peke yangu nikapanda la Mbagala nikitaka Gongo la Mboto.